Maji ya Alhamisi

Alhamisi, saa tatu kasoro robo asubuhi, Diana alikuwa amekaa kwenye kigoda sebuleni kwa mzee Hezroni, akiitazama kompyuta ikijitahidi kuwaka. Ilikuwa nyeusi, ya miaka kumi na moja, na juu yake pametandikwa kitambaa cha kufuma na picha ya mjukuu siku ya kipaimara. Diana aliondoa picha kwanza, kisha kitambaa, akaviweka kwenye kochi.

Ana kibanda chake cha ufundi nyuma ya stendi ya Same, lakini alizaliwa kijiji hiki hiki cha mlimani, kitongoji cha chini, kwa Eliwaza na marehemu Sifael. Wiki hiyo mzee Hezroni alikuwa amempigia simu mara nne, akimwita mtoto wa nyumbani. Mlangoni Diana alikuwa amesema, "Shikamoo, baba," naye mzee akaitikia, "Marahaba, mwanangu, karibu, karibu," kwa furaha ya mtu aliyemwona daktari.

"Haya, nieleze," Diana alisema. "Inasumbuaje?"

Ilikuwa inasumbua kwenye mchezo. Tangu astaafu, mzee Hezroni alikuwa akilima matikiti mtandaoni. Kwenye mchezo huo kila mtu ana shamba, anapanda, anamwagilia, anavuna, na mashamba yanashindana. Kundi lake lilikuwa na wakulima tisa, wengine wako Brazil na wengine Vietnam, naye ndiye kiongozi wao. Ila sasa walikuwa wanataka kumtoa.

"Nabonyeza kumwagilia, inaganda," alisema. "Maji yanafika baada ya dakika nzima, tikiti limeshakauka. Wiki hii nimepoteza matikiti mia mbili. Mwanangu, unajua uchungu wa kuona mazao yako yanakauka huku unayaangalia?"

Diana alisema anaujua.

Alianza na mtandao. Modemu ilikuwa dirishani, inashika vizuri kuliko hata kibandani kwake mjini. Ram ilikuwa ndogo, lakini mchezo ule haukuhitaji zaidi. Diski ilikuwa nzima. Alikuta virusi viwili vya zamani ambavyo havikuwa na madhara kwa mtu, akavifuta. Akapuliza vumbi kwenye feni mpaka mzee akapiga chafya. Akawasha mchezo. Tikiti lilikauka mbele ya macho yao wote wawili.

Ndipo alipofungua orodha ya programu zinazoendelea. Mchezo ulikuwa unatumia kidogo sana. Karibu nguvu yote ya mashine, asilimia tisini na sita, ilikuwa inaliwa na kitu kinachoitwa Zamu 14. Alikifunga, kikarudi. Alikifunga tena, kikarudi na saa yake pembeni: kuanzia saa moja asubuhi hadi saa nne, kila Alhamisi.

Diana aliiangalia ile saa kwa muda mrefu. Aliijua. Kwao walikuwa wakiamka nayo.

Kijiji hiki kina ndiva, bwawa la mawe na udongo walilojenga mababu. Usiku linajaa kutoka kijitoni, asubuhi linafunguliwa, na kila nyumba ina saa zake za kuelekeza maji shambani. Alhamisi, saa moja hadi saa nne, ilikuwa zamu ya Sifael, kama ilivyokuwa ya baba yake na babu yake. Zamani zamu zote zilikaa kichwani mwa mgawa maji. Kisha mradi fulani ukaleta kompyuta kwa ajili ya kamati ya ndiva, na kwa kuwa ofisi haikuwa na umeme, kompyuta ikawekwa nyumbani kwa katibu. Katibu alikuwa Hezroni. Alistaafu ualimu, ukatibu hakustaafu, na kompyuta haikutoka sebuleni kwake.

Sifael alifariki miaka tisa iliyopita. Wiki ile ile ya matanga, Hezroni, ambaye hapendi vitu kukaa ovyo, alifuta jina la marehemu kwenye orodha. Eliwaza alipokwenda Alhamisi na jembe lake, aliambiwa hayupo kwenye orodha. Aandike barua. Aliandika. Akaambiwa aambatanishe cheti cha kifo, akakiambatanisha. Akaambiwa kikao hakijakaa. Kikao kilikaa mara nyingi sana katika miaka tisa hiyo, kikala makande na kunywa chai, na barua yake haikufunguliwa hata siku moja.

Tangu mwezi ule, kila Alhamisi kuanzia saa moja mpaka saa nne, maji ya ndiva yalishuka kama kawaida lakini mifereji ikabaki mikavu. Kamati ilisema ndiva inavuja. Ukaitwa msaragambo, kila nyumba itoe mtu wa kubeba mawe na udongo kuziba. Kwenye orodha ya msaragambo jina la Eliwaza halikuwa limefutwa. Miaka tisa alibeba mawe kichwani kuziba tundu ambalo hakuna aliyeliona, kisha akarudi kuangalia maharage yake yakigeuka majani ya kuwashia moto. Mtu akitaka kujua hasira za nyumba ile zilianzia wapi, basi zilianzia hapo.

Diana alizima kompyuta, akachomoa waya, akalaza kasha ubavu na kufungua skrubu nne. Ndani mlikuwa na maji. Yalikuwa ya baridi, safi, yamejaa mpaka juu ya diski, na yaliendelea chini mbali kuliko kasha lenyewe lilivyokwenda. Jani la mgomba lilikuwa linaelea. Viluwiluwi vitatu vilikuwa vimejibanza karibu na feni.

"Kompyuta ina maji," alisema.

"Mengi?"

"Ya miaka tisa."

"Mimi nilidhani ni vumbi," mzee Hezroni alisema, akaenda jikoni kuleta beseni.

Aliporudi Diana alimweleza, taratibu, kama anavyowaeleza wateja wote. "Ulifuta jina, baba. Zamu hukuifuta. Kila Alhamisi maji yanakuja kutafuta mwenyewe, hayaoni jina, yanakaa humu humu. Ndiyo maana mashine haina nafasi ya kitu kingine."

"Kumbe."

"Nikiandika jina la mama kwenye namba kumi na nne, yatakwenda yenyewe. Ni nusu dakika."

Mzee Hezroni alikunja uso. "Hapana, mwanangu. Hayo ni mambo ya kamati. Wewe toa maji tu."

Diana akayatoa. Aliingiza mpira wa bustani ndani ya kasha, akaupitisha dirishani, akavuta kwa mdomo mpaka yakaanza kutiririka, na mwisho wa mpira akauweka kwenye mfereji unaoteremka kitongoji cha chini. Hakuomba ruhusa. Mzee hakukataza, kwa sababu alikuwa amesharudisha waya na kuwasha mchezo, kasha likiwa wazi vile vile, na tikiti la kwanza lilikuwa limenywa maji palepale alipobonyeza.

Chini, Eliwaza alikuwa amesimama shambani na jembe. Alisimama hapo kila Alhamisi, saa moja hadi saa nne, ili mtu asije kusema kwamba zamu yake aliiacha mwenyewe. Aliona maji yanakuja na jani la mgomba mbele. Hakupiga vigelegele. Alifungua tuta la kwanza, akafungua la pili, na alikuwa kwenye la tatu maji yalipokata.

Alipanda na mfereji kwenda kuangalia. Yusto, mgawa maji, alikuwa ameinama anaziba kwa magogo ya mgomba na udongo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unafanya nini?"

"Mama, samahani. Haya maji hayako kwenye orodha."

"Yusto, wewe unanijua mimi ni nani?"

"Nakujua, mama."

"Nilikubeba mgongoni mama yako alipolazwa. Baba yako alikuwa anamfungulia mume wangu maji haya haya, Alhamisi hii hii. Sasa niambie usoni, si yangu?"

Yusto aliangalia magogo yake. "Ni yako, mama," alisema, kisha akaongeza udongo.

Kamati ilikaa alasiri hiyo hiyo sebuleni kwa katibu. Kwa shauri la maji yaliyopatikana hawakuhitaji siku nyingi. Mwenyekiti alichungulia ndani ya kasha, akachovya kidole, akaonja, akathibitisha kwamba ni maji ya ndiva. Mjumbe mmoja aliuliza kama viluwiluwi ni mali ya kamati au ya katibu. Walilijadili hilo kwa robo saa.

Eliwaza alisimama bila kuitwa.

"Miaka tisa nimebeba mawe kuziba tundu lililoko sebuleni kwa Hezroni," alisema. "Misimu kumi na minane maharage yangu yamekufa, na nyie mnapita barabarani mnaniambia pole. Pole ya nini, na maji mmeyakalia? Siombi. Sikuja kuomba. Nataka jina langu liandikwe, sasa hivi, mbele yangu."

Kisha mwenyekiti akasema wamemsikia mama, ila hasira hazijengi. Kwenye muhtasari Hezroni aliandika kwamba mjumbe mwalikwa alichangia.

Waliamua kwamba maji yaliyomo kwenye kifaa cha kamati ni ya kamati, kwa hiyo yarudishwe ndivani na kugawiwa wote walio kwenye orodha. Barua ya mama Eliwaza itajadiliwa kikao kijacho, ila aiandike upya, kwa sababu ile ya zamani ilionekana ndani ya kasha, imelowa. Na kwa kuwa zamu ya Alhamisi haiwezi kuachwa bila mtu, maji yasije yakajaa tena kwenye kompyuta, zamu hiyo apewe katibu kwa muda, kama shukrani kwa kugundua mvujo.

"Diana, mwanangu, hebu tusaidie hapo," mwenyekiti alisema. "Weka jina la katibu namba kumi na nne."

"Siweki," Diana alisema.

"Unakataa?"

"Nakataa. Mmemwibia mama yangu, na mnataka niwashikie gunia."

Hezroni alivuta kiti, akavaa miwani, akaandika jina lake mwenyewe, akahifadhi. Ilichukua nusu dakika. Kazi iliyoshindikana kwa miaka tisa, barua, cheti na vikao, iliisha kabla chai haijapoa. Diana alifunga skrubu tatu, ya nne akaiacha mezani.

Alhamisi iliyofuata alipanda tena mlimani na Noah ya kwanza ya abiria kumletea mama yake sukari na mafuta ya taa. Njia inapita dirishani kwa mzee Hezroni. Mzee alikuwa mbele ya skrini, matikiti yamejaa kijani tupu, na nje maji yalikuwa yanaingia kwenye migomba yake kwa mlio mzuri. Viluwiluwi vilikuwa kwenye chupa ya jamu juu ya kitambaa cha kufuma, na kimoja kilishaota miguu.

"Diana! Inakimbia sasa, haigandi kabisa!" mzee aliita, akanyamaza akisubiri shikamoo.

Diana alisimama. Alimtazama machoni, muda wote ambao mtu angehitaji kusema neno moja, mpaka mzee akashusha miwani kujifanya anaifuta. Kisha akaendelea na njia. Kijijini hapo hakuna aliyewahi kumfanyia mtu mzima hivyo, na mpaka jioni jambo hilo lilizungumzwa hata na wale ambao wizi wa maji hawakuwahi kuuzungumza.

Eliwaza alikuwa shambani, amesimama na jembe kwenye mfereji mkavu. Matuta mawili na nusu yalikuwa ya kijani, mengine yote mekundu. Saa nne ilipofika alipokea sukari, akamshukuru mwanawe, akachukua kata yake ya kichwani ya kubebea mawe. Kulikuwa na msaragambo wa kupanua mfereji wa kwenda kwa katibu, na kwenye orodha jina lake lilikuwa la kwanza.