Ndafu Iliyoingia Kinyumenyume

Mume wangu Sadallah anachoma ndafu kuliko mtu yeyote Moshi mjini, na sisemi hivyo kwa sababu ananilisha. Mbuzi mzima, amesimama kwenye sinia kama yu hai, majani mabichi mdomoni, nje amekauka vizuri, ndani laini. Anamchinja mwenyewe kwa bismillahi, ndiyo maana kwenye harusi za Wachagga huko juu mlimani sisi Waislamu na wao tunakula sinia moja.

Tatizo lake lilikuwa ukumbi. Ndafu haipelekwi kimyakimya kama wali. Muziki unapigwa, mpishi anaingia akicheza, anaisukuma meza mpaka mbele ya maharusi, anasema maneno mawili matatu. Sadallah akifika mlangoni tu, anarudi nyuma. "Aingie Shakiru," anasema. Shakiru ni mdogo wangu. Hajawahi kugeuza hata figo motoni, lakini kiuno anacho na mdomo anao. Basi watu wakishashiba wanamwomba nani namba ya simu? Yule waliyemwona. Mpaka akajichapishia fulana: "Shakiru Ndafu." Nikiiona fulana ile damu inanichemka.

Jumamosi ile tulikuwa Machame, harusi ya Violet. Mama yake ana mabinti wengine wawili ambao tayari wamechumbiwa, na alikuwa ametangaza waziwazi kwamba mpishi atakayempendeza leo ndiye atakayempa na harusi hizo. Mchana Shakiru akapiga simu. "Dada, niko Holili, huku mpakani, gari limegoma." Mungu anisamehe, nililiombea gari lile liendelee kugoma.

Sadallah akakaa juu ya gunia la mkaa. "Waambie vijana wa ukumbi waisukume."

"Wakiisukuma wao itakuwa ndafu yao. Umeamka alfajiri kwa ajili yao?"

"Mwanajuma, nitaanguka."

"Anguka. Lakini ukaangukie ndani!"

Wenseslaus, mshereheshaji, akaita ndafu. Muziki ukapigwa. Mlango ulikuwa mwembamba, mume wangu akaizungusha meza ipite, akaingia macho chini, mimi nyuma yake. Tulipofika katikati nikagundua watu hawapigi makofi, wanacheka. Masikini wa Mungu! Kwa woga alikuwa amesahau kuirudisha meza ilivyokuwa. Mbuzi alikuwa amewapa maharusi mkia, na yale majani mabichi yalikuwa yananielekea mimi. Bibi mmoja kwenye meza ya wazee akajifunika uso kwa kanga.

Muziki ukazimwa. Wenseslaus akampa Sadallah maiki huku akicheka. "Aisee mpishi, huko mjini ndivyo mnavyosalimia wakwe?"

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nilitaka kumpokonya ile maiki nijibu mimi, tena nijibu vibaya. Nikajizuia, na sijui nguvu ile niliitoa wapi.

Sadallah akamtazama mbuzi, akamtazama Mama Violet. "Shikamooni wazee," akasema, sauti ikikwaruza. "Mbuzi huyu nimekaa naye tangu alfajiri, nimemwambukiza haya yangu. Naombeni mtusubiri kidogo, tunageuka."

Akaizungusha meza taratibu, naye akizunguka nayo, mpaka wote wawili, mbuzi na mchomaji wake, wakawaelekea watu. Vigelegele! Bibi akaifunua kanga, akawa wa kwanza kusimama. Wenseslaus akanyoosha mkono arudishiwe maiki, hakupewa. Sadallah alikuwa ndiyo kwanza anaanza. Akaeleza habari za mkaa na ndimu, na jinsi ya kuyasikiliza mafuta yanavyodondoka ili ujue wakati wa kugeuza. Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi namna ile, hata siku ya posa, maana siku hiyo alisemewa na mjomba wake.

Tulipokuwa tukikusanya vyombo, Mama Violet akaja na simu mkononi. Mimi hakuniangalia. "Baba, nitajie namba yako."

Akamtajia, kwa sauti ambayo hata jikoni ilisikika.

Ndani ya gari nikamshika mikono. Akaing'ang'ania yangu.

"Kumbe mpaka sasa unaogopa?"

"Sana, mama. Sana." Akacheka peke yake. "Ila nimeshamwambia Mama Violet, kwa wale mabinti wengine naingia mwenyewe. Shakiru atanibebea visu."