Pini Kumi na Nne za Kilima cha Mawe

Barua ya semina aliileta Beda, mrina asali mwenzangu, juu ya baiskeli, anahema. Ilikuwa mwezi wa saba, mwaka wa sabini na tatu. Serikali inawaalika wenye nta ya kuuza nchi za nje, siku tatu, Kilosa mjini, chakula na malazi bure. Nikaisoma mara mbili. Mimi Kondo, mtu wa Mikumi, lini nimeuza kitu nchi za nje? Nta yangu namuuzia mwenye duka wa Kimamba, anakoipeleka shauri yake.

"Hiyo hiyo ndiyo inayofika Ujerumani," Beda akasema. "Sasa wanataka tuipeleke wenyewe, kwa umoja wetu."

"Na wali watatupa?"

"Na wali watatupa."

"Basi kuna jambo," nikamwambia.

Nieleze kwa nini niko hivi, maana mke wangu Mwanakheri anadai nilizaliwa nimekunja uso. Baba yangu alikuwa na mizinga upande wa Kimamba. Enzi za Mwingereza akaja mtu na ramani, mpole kweli kweli, ana peremende za watoto mfukoni, akamuuliza baba nyuki wake wanakaa wapi. Baba kwa wema wake akamwonyesha. Mwaka uliofuata pale pakapandwa mkonge. Baba akahamia Mikumi, akachonga mizinga upya, akaitundika Bonde la Migude, na kabla hajafa akaniusia neno moja: mahali pa mizinga hapatajwi. Warina wote wa kwetu ndivyo tulivyo. Ukituuliza nyuki wako wapi, tunakunyooshea kidole upande mwingine na wala hatuoni haya. Mizinga thelathini na miwili aliniachia, na hiyo ndiyo iliyotulisha sisi sote.

Nikaenda Kilosa, lakini nilikwenda kuchunguza, si kusoma.

Mwalimu alikuwa kijana kutoka Dar es Salaam, Ndugu Lupakisyo, suruali imenyooshwa, viatu vimejaa vumbi letu. Akaingia, akatupa shikamoo mmoja mmoja, wote kumi na wanne. Nikaitikia marahaba huku namtazama mikono. Laini. Huyu hajawahi kuumwa na nyuki.

Siku mbili za kwanza sikupata kosa, na hilo liliniudhi. Alitufundisha kuyeyusha masega kwa maji ya mvua, kuchuja kwa kitambaa cha marekani, kutoacha moto uunguze nta ikawa nyeusi. Alieleza mnunuzi wa ng'ambo anavyolivunja donge katikati kutafuta mchanga. Kisha akachukua donge langu, akaliinua juu watu waone.

"Hii ya mzee Kondo ingeuzwa leo hii," akasema. "Mzee, nyuki wako wanakula maua gani?"

Wenzangu wakanipigia makofi. Mimi nikamjibu, ya porini tu. Mtu hakusifu hivihivi mbele za watu. Anayekusifu ana anachokitaka.

Siku ya tatu akakileta alichokitaka. Alitundika ramani ya wilaya ukutani, kubwa kama shuka, akaweka mezani kopo la pini zenye vichwa vyekundu.

"Wazee wangu, mnunuzi anataka kujua nta inatoka wapi," akasema. "Na kuna jingine. Vijiji vipya vinapangwa, na mashamba ya vijiji yatafyekwa. Kila mahali mtakapochoma pini, nitapaandikia pasiguswe. Pasipo na pini sitakuwa na la kusema. Kwa hiyo naomba ukweli."

Alisema hivyo hivyo, sijamwongezea wala sijampunguzia. Lakini mimi nilichokiona pale ni peremende.

Wakati wa chai nikawakusanya wenzangu nyuma ya jengo. Nikawasimulia habari za baba na mkonge. Nikasema tukimpa mahali mbalimbali atatukamata mmoja mmoja. Tumpe mahali pamoja tu, Kilima cha Mawe, ambako hata mbuzi hapandi. Akifyeka, afyeke mawe.

Beda akawa mzito. "Kaka Kondo, na kama anasema kweli?"

"Wewe mizinga yako iko wapi?" nikamuuliza.

Akafungua mdomo, akaufunga.

"Unaona? Hata mimi huniambii. Yeye ndiye utamwambia?"

Wakacheka, mambo yakaisha. Tukarudi ndani, tukapanga mstari, tukaandikisha majina na hesabu ya mizinga, tukachoma pini zetu kumi na nne zote juu ya Kilima cha Mawe, mpaka karatasi ikachanika. Lupakisyo akasogea, akazihesabu pini.

"Wote hapa?"

"Wote," nikasema mimi.

"Mna hakika, mzee wangu?"

"Hakika."

Akaniuliza tena tukiwa wawili mlangoni, sauti chini. Ningeweza kusema. Nikamjibu kwamba nyuki wanapenda mawe. Nikarudi Mikumi najiona mjanja.

Mwanakheri hakunisifu. Nilipomweleza, aliendelea kuchuja nta kwa marekani, maana somo lile alilipenda. "Baba Sikuzani," akasema, "yule wa zamani alikuja na ramani peke yake. Huyu kakufundisha kazi kwanza. Rudi Kilosa ukaseme." Nikamwambia asinichoshe. Akaniambia hivyo mwezi wa nane, akaniambia tena mwezi wa tisa.

Mwezi wa kumi matrekta mawili yakaja Bonde la Migude.

Niliyasikia nikiwa juu ya mti. Nikashuka mbio, nikamkuta bwana shamba, anaitwa Oswald, amekaa juu ya gogo na jalada magotini. Nikamwambia asimamishe, hapa pana mizinga. Akanitazama bila ubaya wowote.

"Jina lako nani, mzee?"

"Kondo Shomari."

Akapekua karatasi, kidole kikashuka polepole. "Kondo Shomari. Mizinga thelathini na miwili, Kilima cha Mawe. Mwenyewe uliandikisha." Akafunga jalada. "Kule hatugusi, tumeambiwa. Hapa ni shamba la kijiji, la pamba. Ningepata neno hata moja la bonde hili, ningelizunguka."

"Nilidanganya," nikasema.

"Sasa nitawaambiaje walionituma?"

Alinipa siku nne, na hilo namshukuru. Beda naye alikuwa akihangaika na yake, bonde la pili tu kutoka hapo; miaka yote tumetundika jirani bila kujuana. Tukasaidiana. Usiku tulishusha mizinga, mchana tukaibeba mpaka Kilima cha Mawe, maana ndipo mahali pekee palipokuwa petu kwa karatasi. Kulikuwa na ubao wa serikali, umepakwa rangi vizuri: Eneo la Mizinga, Usifyeke. Hapakuwa na mti wa kufyeka. Niliiegemeza mizinga ya baba kwenye mawe, ikichomwa na jua, na ndani ya wiki mbili nyuki wote wakaondoka. Nililia, nisifiche. Nililia mbele ya Beda.

Mwaka uliofuata, mwezi wa saba, Landrova ikapanda mpaka chini ya kilima. Nilikuwa nimekwenda kutoa mchwa kwenye mizinga. Sijui kwa nini bado nilikuwa nakwenda. Akashuka Lupakisyo pamoja na mnunuzi, Mzungu mrefu mwenye kofia, ameshika lile donge langu la semina limefungwa karatasi safi. Alikuwa amelibeba kutoka Dar es Salaam.

"Shikamoo, mzee Kondo."

"Marahaba."

"Mgeni anataka nta kama hii, nyingi, kila mwaka." Akatazama ubao, akatazama mizinga, akasogea akagonga mmoja kwa vidole. Ukalia mtupu. Hakukasirika, na afadhali angekasirika. Akaniuliza taratibu, kama alivyoniuliza mlangoni Kilosa, "Mzee wangu, nyuki wako walikuwa wapi?"

Tangu nizaliwe sijawahi kumwonyesha mtu. Nikainua mkono, nikamwonyesha Bonde la Migude. Pamba ilikuwa imeanza kupasuka, nyeupe mpaka kwenye reli.