Mkasi Akataa Kuhamishiwa Chini

King'ora kilipolia, mafundi wa ghorofa ya pili waliacha nguo zikining'inia kwenye cherehani, wakashuka ngazi wakicheka na kusukumana. Lilikuwa zoezi tu, la kwanza tangu kiwanda chao cha sare kihamie jengo lile. Uwanjani, mtunza stoo aliyekabidhiwa mambo ya usalama, ambaye wote walimwita Filimbi, alipuliza filimbi yake kwa madaha.

"Hongereni! Tumetoka wote!"

"Wote?" Sauti ilitoka juu. Mkasi, fundi mkuu wa kukata vitambaa, alikuwa dirishani. "Na mimi je, mmeshanizika?"

Vicheko vilikatika. Mkasi alitumia kiti cha magurudumu. Kila siku alipanda kwa lifti, na lifti ilikuwa imezimwa mara king'ora kilipolia. Wifi yake, mke wa kaka yake, aliyeshona hatua chache kutoka meza ya kukatia, alijiziba mdomo. Alikuwa amempita palepale mlangoni.

Mchana ule meneja alimwita Mkasi ofisini. Hakuwa mtu mbaya, ila alipenda njia za mkato.

"Dada, dawa nimeipata. Kuanzia Jumatatu utakaa huku chini, kwenye vifungo. Kazi nyepesi, na roho zetu zitatulia."

"Zenu zitatulia. Yangu je? Meza ya kukatia iko juu, bosi. Kazi yangu iko juu. Mnataka kuniokoa na moto ambao haujawaka kwa kuninyang'anya kazi ninayoijua. Vifungo sivitaki. Nataka njia ya kushuka."

"Kwa ngazi? Vipi?"

"Ndiyo tutafute. Nipe Filimbi na mchana wa Ijumaa."

Jaribio la kwanza lilikuwa aibu tupu. Wanaume wawili walikiinua kiti cha magurudumu, kikagonga ukuta, kikayumba, Mkasi akapiga yowe.

"Mnanibeba kama kabati!"

Alishusha pumzi, akafuta jasho, akaagiza wamletee kiti cha mbao chenye mikono. Akajifunga kiunoni kwa ukanda wa turubai. Wawili washike miguu ya kiti, mmoja mgongo. Lakini alipoona wale wanaume wanagombea nani wa kumshika kwa nyuma, uso ulimwiva.

"Mgongo nitashika mimi," wifi yake alisema. Kisha akainama, akamnong'oneza, "Siku ile nilikupita, wifi. Miguu ilikwenda yenyewe."

"Basi leo iende na mimi."

Walishuka polepole, wakakwama kwenye kona ya ngazi. Marobota ya vitambaa yalikuwa yamejaa pale.

"Stoo haina nafasi," Filimbi alijitetea.

"Stoo yako haina nafasi, na mimi sina pa kupita. Chagua."

Filimbi alinuna, lakini kabla ya jioni marobota yalikuwa yameondoka. Tangu hapo kila Ijumaa walirudia, wakibadilishana zamu ili asikosekane anayejua kubeba.

Siku ya moto wenyewe, pasi iliachwa juu ya kitambaa kwenye chumba cha kunyooshea. Moshi ulitanda, king'ora kikalia, na safari hii hakuna aliyecheka. Wifi alikuwa wa kwanza kufika na kiti cha mbao. Mshonaji mmoja akashika mguu wa kushoto. Aliyezoea wa kulia alikuwa mgonjwa kwake, na wengine wenye zamu walikuwa wamekwenda kupeleka mzigo. Meneja, aliyekuwa akikagua kazi juu, alishika ule mguu bila kuulizwa.

"Bosi, tazama ngazi, usinitazame mimi!" Mkasi aliamrisha. "Hatua. Pumzi. Hatua."

Wengine waliegemea ukutani kuwapisha. Pale konani walipita bila kusimama. Wakatoka nje wakikohoa, macho yakichuruzika machozi, na nyuma yao Filimbi alibaki na mitungi yake ya kuzimia moto, akipambana na moto hadi zimamoto walipofika.

Kilichoungua ni mashati na meza ya kupigia pasi. Wifi aliketi chini, akamkumbatia Mkasi magotini, akalia kwa sauti. Mkasi akampapasa mgongo.

Meneja alitazama viganja vyake vyekundu. "Dada, umenitoa jasho."

"Na bado," Mkasi alisema, akifungua ukanda. "Ijumaa uje mazoezini. Kidogo uniangushe pale konani."

"Nitakuja," meneja alijibu.