Mkia wa Tausi

Baada ya kiharusi, mkono wa kulia wa Mama Celestina ulibaki mzito, na daktari akamshauri atafute kazi ndogondogo za vidole. Binti yake, Odeta, akamnunulia picha ya vijiwe: kitambaa chenye gundi, kimechorwa tausi kwa vyumba vidogo vyenye herufi, pamoja na pakiti za vijiwe vya plastiki vinavyometameta. Unanasa kijiwe kwa kalamu yake, unakibandika kwenye herufi yake, basi.

Mama, mwalimu mstaafu kutoka Muleba, aliipenda kazi hiyo. Kila asubuhi alikaa kibarazani kwao Ilemela, ulimi umechungulia pembeni ya mdomo, akabandika vijiwe kumi, siku nyingine kumi na tano. Vingine vilikaa upande, vingine vilipandana. Yeye aliona fahari.

Odeta alikuwa mpima sampuli za sangara kiwandani, kutwa macho kwenye vichupa. Mchana mmoja wa mapumziko, mama akiwa amelala, alikaa anyooshe mistari miwili tu. Kijiwe kikaingia, kingine kikaingia, mabega yakalegea, kichwa kikatulia kwa namna ambayo hakikuwa kimetulia tangu mama augue. Alipozinduka, alikuwa amebandua kazi yote ya mama na kumaliza nusu ya mkia.

Mama alipoamka aliitazama ile picha kwa muda.

"Odeta, nani kaufanya huu mkia?"

"Si wewe mwenyewe, mama? Jana." Uongo ulimtoka kabla hajaufikiria.

"Jana," mama akarudia taratibu. "Haya."

Odeta aliona aibu. Hata hivyo Jumapili iliyofuata alirudia, na nyingine tena, maana utamu wa kazi ile ulikuwa umeshamwingia. Mama hakuuliza tena.

Mwezi ulipokwisha walikwenda kliniki.

"Shikamoo, mama. Mkono unaendeleaje?" daktari aliuliza.

"Marahaba, mwanangu. Mkono si neno. Kichwa ndicho kinanitoka. Nafanya kazi nzuri, kubwa, halafu siikumbuki hata chembe. Nimemwita mdogo wangu Prudencia aje tuagane nikiwa bado namjua."



"Daktari, mama hajasahau kitu," Odeta alisema. "Ni mimi. Nabandika mimi akiwa amelala, nami nilimwambia ni yeye."

Mama hakumgeukia. Alimnyooshea daktari mkono aupime.

Nje, kwenye benchi, ndipo mama aliposema. "Kila asubuhi nimekuwa nikijitajia majina ya wanafunzi wangu, nione kama bado wamo. Peke yangu, Odeta."

"Nisamehe, mama."

"Nitakusamehe. Leo sijaweza."

Kesho yake mama alianza kuubandua mkia wote, kijiwe kimoja kimoja, kwa mkono uleule mzito. Odeta alijongea kumsaidia.

"Kaa hapo," mama alimwambia. "Utazame."

Odeta akakaa, mikono mapajani. Kazi hiyo ilimchukua mama siku nne.