Pasipoti Niliyoishona Upya

Kampuni ya meli ilinipigia simu Jumamosi asubuhi. Mwanangu, fundi wa injini katika meli yao ya mizigo, alikuwa ameshushwa na homa katika mji mmoja wa pwani huko Amerika ya Kusini, na siku ya tatu akafia hospitalini. Bwana aliyezungumza alisema pole mara mbili, kisha akanisomea maagizo. Mwili ungekaa chumba cha baridi hadi Ijumaa. Aende ndugu mmoja, amtambue na kutia saini. Tiketi ingetoka kwa kampuni, pamoja na barua ya kumwezesha ndugu huyo kugongewa viza akifika. Asipokwenda mtu, manispaa ya kule ingemzika pamoja na wasio na wenyewe.

Niliandika yote. Nilimwomba arudie jina la hospitali herufi kwa herufi, akarudia. Nikamshukuru, nikakata simu, nikamenya chungwa nikala. Sijui kwa nini nalikumbuka lile chungwa.

Kisha nikaenda saluni anakosuka mkamwana wangu. Alikuwa na kichwa cha mteja mkononi, nusu kimesukwa, nusu kimesimama. Nilimwita pembeni nikamwambia. Alinitazama kama mtu anayesubiri niseme jambo la pili. Nilipokosa la pili, alirudi kwenye kiti chake akamalizia kile kichwa. Mteja hakujua lolote. Alijitazama kwenye kioo, akasema nywele zimetulia.

Jioni alihamia kwangu na begi dogo.

"Baba, nani anakwenda?"

"Nakwenda mimi. Mimi ndiye niliyemzaa."

"Na mimi ndiye niliyeolewa naye."

"Mama," nilimwambia, "wewe ngazi za ghorofa ya pili tu unapanda umeshika ukuta kwa hofu."

"Na wewe umepanda ndege gani, baba? Ile ya kwenye kalenda?"

Ilikuwa kweli. Pasipoti nilikuwa nayo tangu miaka saba iliyopita, chama chetu cha mafundi wa vitabu kilipotaka kunituma mkutanoni nje ya nchi. Mkutano ulivunjika, pasipoti ikabaki sandukuni. Lakini kusoma ramani najua. Nilijifunza masomo ya jioni, baada ya kutwa nzima ya kushona vitabu, na mwalimu wetu wa jiografia hakumpa mtu alama ya bure.

Jumapili nzima nilipanga safari mezani, kwa rula na kalamu mbili, ya bluu kwa saa za huku na nyekundu kwa saa za kule. Ndege zilikuwa tatu. Kuondoka Jumanne saa nne asubuhi, saa saba angani, tano za kungoja. Kisha saa kumi na moja juu ya Atlantiki, nne za kungoja tena, na mbili za mwisho kuambaa pwani. Kufika Jumatano saa tatu asubuhi ya kule, huku ikiwa saa tisa alasiri. Kutoka uwanjani hadi hospitali, kilomita kumi na nne. Nilijumlisha mara tatu, nikapata jibu lilelile mara tatu. Nilitegemea kwamba mahali fulani katikati ya zile hesabu kitu kingenichoma kifuani. Hakikuchoma.

Mkamwana alileta mashati mawili ya mumewe, tumchagulie la kuvishwa.

"La mikono mifupi," alisema. "Kule joto."

Tulitazamana. Kisha akalikunja lile la mikono mifupi, taratibu, akafunga vifungo vyote.

Jumatatu asubuhi tulikwenda ofisi ya tiketi. Wakala alikuwa binti wa miwani, mwenye adabu na mzaha.

"Shikamoo mzee. Kampuni wameshaniandikia. Poleni sana."

"Marahaba, binti. Ratiba hii hapa."

Aliisoma yote, akanyanyua macho. "Mzee, ukitaka kazi hapa sema. Huyu kijana wa dirisha la pili hajui hata Atlantiki iko upande gani."

Nilifurahi kidogo, nakiri. Nikampa pasipoti. Aliifungua, akaifunga, akaifungua tena. Akapitisha kidole kwenye mgongo wake.

"Nani ameifungua hii?"

"Ameifungua nani? Nimeishona mimi."

"Umeishona?"

Nikamweleza, maana kazi yangu sioni haya kuieleza. Walikuwa wameishona kwa mashine, mshono mmoja wa uzi dhaifu, na jalada limeanza kuachia. Miaka thelathini na minane nimejalidi vitabu. Kushona kubaya hunikera kama jiwe kwenye wali. Mwaka jana niliifumua, nikaishona upya kwa uzi wa kitani uliopakwa nta, nikaipiga gundi, nikaibana kwenye shinikizo la vitabu usiku kucha.

"Ivute uone," nilimwambia. "Haitoki karatasi hata moja mpaka kiama."

Hakuivuta. Aliishika kwa vidole viwili, akaiweka mezani polepole.

"Mzee, kazi ni nzuri. Ubaya ni huo. Pasipoti ikishafumuliwa ni batili. Watakurudisha mlangoni, hapa hapa, au mbaya zaidi, kule unakobadilisha ndege."

"Namba zote zipo. Picha ni yangu."

"Najua ni yako. Wao watauliza kwa nini imefunguliwa."

Alipiga simu uhamiaji mbele yetu, akaniwekea spika ili nisidhani ananitania. Pasipoti mpya, hata ya dharura, siku nane za kazi. Ijumaa ilikuwa imebaki siku nne.

Wahenga walisema ujuzi hauzeeki. Hawakusema unaweza kukufanya nini.

"Nitajaribu na hii," nilisema.

"Na wakikurudisha, baba?" Mkamwana alisema kwa sauti ndogo. "Atazikwa na nani?"

Alifungua mkoba wake, akatoa pasipoti mpya na kadi ya njano ya chanjo. Akaviweka mezani, kando ya yangu.

"Umevipata lini?"

"Mwaka jana. Alitaka nimfuate, nikakae naye kwenye bandari moja miezi sita, tuone kama tutaweza maisha ya kule."

"Hamkuniambia."

"Alikataa." Akafunga mkoba. "Alisema, tukimwambia baba ataanza kutupangia."

Binti wa tiketi alijifanya anatafuta kitu kwenye droo. Nami nilingoja maneno yale yanifikie. Niliyasikia moja moja, kama mtu anayesomewa barua ya jirani. Mwanangu aliyasema akicheka, naamini. Alikuwa na tabia ya kucheka akisema kweli.

"Niandike jina la nani, mzee?" aliuliza binti. "Barua ya kampuni inasema ndugu mmoja tu."

Niliitazama pasipoti yangu. Mshono ulikuwa umenyooka kabisa.

"Andika la mke wake."

Akaanza kuandika. Mkamwana alinivutia kiti, nikakaa, nikamsogezea ratiba, nikamwonyesha ya bluu ni ipi na nyekundu ni ipi. Alifuata kwa kidole mpaka mstari wa mwisho.

"Nikishafika hospitali, nifanye nini?"

"Mwangalie uso. Usitie saini kabla hujamwangalia uso vizuri."

"Halafu?"

Nilikuwa nimepanga mpaka mlango wa hospitali. Kupita hapo sikuwa nimeandika kitu, na wala sikuwa nimegundua.

"Halafu wewe ndiye utakayejua," nilisema.

Binti aligeuza kioo cha kompyuta kutuelekea. "Kiti cha dirishani au cha njiani?"

Mkamwana alinitazama, akisubiri jibu.

"Baba, kipi bora?"

"Sijui, mwanangu," nilimwambia.

Akafikiri kidogo, akachagua mwenyewe.