Bastola Mbili za Bwana Häberle

Mume wangu Lothar ana jicho moja tu. La kushoto lilipigwa na kibanzi kwenye kiwanda cha mbao, na tangu siku hiyo mimi ndiye ninayeogopa kwa niaba ya wote wawili. Yeye haogopi kitu. Kila Alhamisi yuko kilabuni analenga shabaha, na bastola yake ya gesi ilipochakaa, Jumamosi moja ya Agosti tukaenda kwa Bwana Häberle, kijiji cha tatu kutoka kwetu, kutazama mbili zilizotumika.

Alituandalia kahawa na keki ya tufaha kwenye chumba chake cha vioo kinachotazama bustani. Jua lilikuwa linachoma. Bastola zilikuwa mezani tangu asubuhi, kila moja na mtungi wake wa gesi umefungwa chini ya mtutu.

"Hii ya zamani nzito, lakini kifyatulio chake laini kama siagi," alisema Bwana Häberle. "Hii nyingine nyepesi, ila mpini itabidi uuchonge mwenyewe."

Lothar akapiga risasi tano kwa kila bastola kwenye kibao kilichokuwa mwisho wa bustani. Zote zikaenda juu.

"Vilengeo vyako vimelegea, bwana."

"Au mkono wako umezeeka!"

Wakacheka wee. Mimi sikucheka. Gesi hii ikipata joto husukuma zaidi na risasi hupanda. Hilo hata wale wanaokuja kilabuni kunywa bia tu wanalijua. Lakini kupanda kiasi kile, tena bastola zote mbili?

"Bwana Häberle, mitungi umeijaza lini?"

"Leo alfajiri. Nimeilaza kwenye friza usiku kucha, ikanywa vizuri sana."

"Na umeipima?"

"Mama, mimi najaza mitungi miaka thelathini. Napima kwa sikio."

Mtungi uliotoka kwenye friza hunywa gesi kupita kiasi. Ndiyo maana kilabuni kwetu kila mtungi hupanda kwenye mizani, gramu kwa gramu, na kinachozidi hutolewa kabla haujapata joto. Uliojaa pomoni, ukipigwa na jua, hauna nafasi ya gesi kutanuka, nao hupasuka.

Nikaufungua mtungi wa ile nzito, bila kuomba ruhusa, nikaenda nao jikoni kwenye mizani yake ya unga. Uzito wa mtungi mtupu ulikuwa umechongwa ubavuni. Nikautoa uzito huo, nikapiga hesabu tena kuhakikisha. Gramu ishirini na mbili zaidi ya kiwango, na hapo ulikuwa umeshapiga risasi tano. Nikatoka mbio bustanini kwa mlango wa nyuma, nikauzamisha kwenye pipa la maji ya mvua upoe.

Nilipogeuka, Lothar alikuwa ameketi mle kwenye chumba cha vioo, ameishika ile nyepesi, kaisogeza usoni hadi karibu na pua, anausoma mwaka uliochongwa kwenye mtungi.

"Lothar, weka chini! Mtungi umejaa kupita kiasi!"

"Ngoja, nasoma."

"Weka chini utoke nje!"

"Unamwona huyu?" akamwambia Bwana Häberle. "Nyumbani ananipimia hata chumvi." Wakacheka tena, na bastola ikabaki pale pale usoni.

Namjua mume wangu. Mbele ya mwanamume mwenzake, kadiri ninavyomsihi ndivyo anavyokaza shingo. Basi nikapiga ukelele, nikajiangusha kwenye majani kifudifudi, nikanyamaza.

Nikasikia bastola ikitua mezani, kisha miguu ya wote wawili ikija mbio. Lothar alikuwa ameshanishika bega, "Walburga, mke wangu, Walburga!", mlio ulipopasuka nyuma yetu na vioo vikamwagika sakafuni.

Bwana Häberle alikaa chini kwenye majani, mweupe, midomo inamcheza. Mtungi ulikuwa umepenya mgongo wa kiti alichokuwa amekalia Lothar.

Lothar hakuniuliza kama kweli nilizirai. Alikitazama kile kiti. Kisha akainua kiganja, akalifunika jicho lake zima, akakaa hivyo, mkono wake mwingine ukipapasa majani kuutafuta wangu.