Kiti Mlangoni

Bibi alikuwa anarudi kesho yake kutoka hospitali, na mlango wa bafu ulikuwa bado mwembamba. Alivunjika nyonga humo humo, alipojikwaa kwenye kizingiti. Sasa angerudi akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Alikuwa amemwambia mama neno moja tu: "Siogeshwi na mtu. Nikishindwa kuoga mwenyewe, niacheni huku huku hospitali."

Fundi wetu tulimwita Niko-Njiani, maana ukimpigia simu hilo ndilo jibu lake. Alikuwa na kazi katika nyumba kadhaa kwa wakati mmoja, na kila nyumba aliiachia kifaa kama rehani: ngazi kule, toroli kwingine, kwetu pima maji, kile cha kupimia kama ukuta umenyooka. Mwenye nyumba akikiona kifaa, anatulia. Kwetu alivunja upande mmoja wa mlango, akatoweka, akatuachia kifusi na kizingiti kile kile.

"Mkalie kooni," mama alinihimiza kwa simu kutoka hospitali. "Ukicheka na nyani utavuna mabua."

Ni rahisi kusema. Mimi hata mtu akinikanyaga mguu, naomba radhi mimi.

Asubuhi hiyo Niko-Njiani akaja kweli. Nilishusha pumzi, hadi nilipomwona anaikimbilia pima maji.

"Naichukua mara moja, dada. Kuna mama ananisubiri hapo ng'ambo. Nageuka sasa hivi."

"Ni yako, fundi," nilisema. Maneno yote makali niliyoyafanyia mazoezi yaliyeyuka. Jicho langu likaangukia kiti cha Bibi, bado kimefungwa nailoni. "Ila nisaidie kwanza. Kaa hapa, tuone kama kinapita."

"Mimi? Unaniombea mabaya, dada?"

"Dakika moja tu."

Hiyo ilikuwa lugha yake mwenyewe, angeikataaje? Akakaa huku akicheka, pima maji mapajani, akayasukuma magurudumu hadi mlangoni. Gurudumu moja likapanda kifusi, jingine likagota kizingiti. Akakaza mikono. Vidole vikakwaruzwa na ukuta, na kicheko kikaisha. Alijaribu kurudi nyuma, kiti kikagoma.

"Nisukume basi."

"Bibi hataki kusukumwa." Safari hii sikuomba radhi. "Anataka kuingia peke yake, aoge, atoke."

Akapuliza vidole, bado kakwama pale mlangoni. Kisha akatoa simu.

"Mama, leo siji. Hapana, siko njiani. Niko kwa watu na sitoki."

Nilimwonea huruma huyo mama wa ng'ambo. Hata hivyo nilikwenda haraka kuchota maji ya kukorogea saruji, asije akabadili mawazo.

Mpaka jioni nafasi ya mlango ilikuwa imepanuliwa, ukuta wa pembeni umejengwa upya, na mahali pa kizingiti pana mteremko laini. Mlango wenyewe haukuwepo, tulitundika pazia.

Bibi aliletwa kesho yake alasiri. Hakutaka hata chai. Alijisukuma taratibu kwenye korido, mimi na mama tukimfuata kama vifaranga, akapita mlangoni bila kugusa popote.

"Mnanifuata wapi?" aliuliza, akavuta pazia.

Tulisimama nje tukitega masikio. Bomba likafunguliwa. Maji yakamwagika, yakanyamaza, yakamwagika tena.

"Nyie!" Bibi aliita. Mama alishika pazia, tayari kuingia.

"Nani kajenga ukuta huu? Umepinda!"

Mama akaliachia pazia, akaegemea ukuta wa korido, akacheka mpaka akafuta machozi.